Pigo la Reli Tupu

Shairi lenyewe lina mistari 11 na nukta moja tu, ile ya mwisho. Mshairi wa Marekani Walt Whitman alilichapisha kwanza mwaka 1860, ndani ya toleo la tatu la kitabu chake cha mashairi, na leo linajulikana kwa jina la "I Hear America Singing", yaani naisikia Marekani ikiimba. Anawapanga mafundi wa mitambo, seremala, mwashi, mwenye mashua, baharia wa meli ya mvuke, mshona viatu, mtengeneza kofia, mpasua kuni, kijana wa plau. Kisha mama, mke kijana, na msichana anayeshona au kufua. Kila mmoja anaimba wimbo wake. Usiku ukiingia, vijana wenye nguvu zao wanakutana na kuimba kwa midomo wazi, na hapo shairi linakwisha. Halina vina wala mizani. Aliyezoea tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, anaweza kulipita akidhani ni orodha tu.

Mimi silipiti. Nimelisoma kwa miaka mingi, peke yangu na pia na vijana wa kikundi chetu cha kusoma mashairi huku Eastlands, Nairobi, na kila tukilifungua tunaanza na jibu lile lile la vitabu vya mwongozo: wimbo ni ishara ya furaha, na wafanyakazi wengi ni ishara ya umoja wa taifa. Jibu hilo si la uongo. Ila limekaa mbali na kazi. Ni jibu la mtu ambaye hajapata kusimama karibu na fundi akamtazama mpaka kitu kikaisha mikononi mwake. Mimi jibu langu nililipata Kamukunji.

Kwa asiyeijua Nairobi: Kamukunji ni pale karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, ukiielekea Gikomba. Mafundi wa jua kali wamejaa hapo, bati juu ya bati. Wanatengeneza masanduku ya shule, karai, majiko, wilbaro, vikaangio vya chipsi, mabomba ya moshi. Mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi yanapasuliwa, yananyooshwa, yanageuka kitu kingine kabla jua halijazama. Kelele yake unaisikia kabla hujaona fundi hata mmoja. Mara ya kwanza unadhani ni kelele moja. Ukikaa, sikio linaanza kuchambua: huyu ananyoosha, yule anakunja, wa kule anapiga ribiti.

Nilikwenda kumnunulia mpwa wangu sanduku la shule ya bweni. Fundi alikuwa na moja lililobaki kukunjwa ukingo wa kifuniko, akaniambia nivute kigoda. Mbele yake palikuwa na kipande cha reli, reli ya treni kabisa, kimelazwa juu ya gogo. Bati lilikuwa limechorwa mistari kwa ncha ya msumari na kukatwa pembe. Sasa alikuwa anaukunja ukingo uushike waya uliopita ndani yake, ili mtoto asije akachanwa vidole na bati kali. Alipiga mara tatu, akalisogeza bati kidogo kwa mkono wa kushoto, na wakati wa kulisogeza mkono wa kulia haukusimama: uligonga reli tupu, mara moja, polepole. Kisha tatu tena juu ya bati, na moja juu ya reli. Ko-ko-ko, ting. Ko-ko-ko, ting. Mpaka akazunguka kifuniko chote.

Nilimwuliza lile pigo la reli ni la nini, maana halikunji chochote.

"Mkono ukisimama, dadangu, unapoteza hesabu."

Akaniambia pia kwamba jirani yake hugonga reli mara mbili, si mara moja, na kwamba hata asipoinua kichwa anajua nani bado hajafika kazini, kwa kusikia mdundo gani haupo. Aliyasema hayo bila kuyapa uzito, huku anapiga. Mimi nilikuwa nimesahau sanduku. Nilikuwa nasoma shairi upya kichwani.

Kwa sababu lile pigo la nne mteja halilipii. Bei ya sanduku ni ya bati, waya, ribiti, bawaba, rangi na zile kazi tatu za nyundo. Pigo la reli tupu halimo kwenye bei. Hakuna atakayelinunua, hakuna atakayelipunguzia, na mtu akimwibia fundi vifaa vyake vyote usiku, kesho akiazima nyundo ya mwenzake pigo lile litakuwepo. Whitman, akikaribia mwisho wa orodha yake, anasema kila mmoja anaimba kilicho chake na kisicho cha mwingine yeyote. Mstari huo wengi huupita haraka wafike kwenye vijana wa usiku. Kwangu ndio moyo wa shairi. Wimbo humu ni ishara ya kile ambacho mfanyakazi hubaki nacho baada ya kazi yake kuuzwa.

Rudi kwenye orodha uone Whitman anawakamata watu wake wakati gani. Seremala hajakata wala hajapigilia msumari: anapima ubao au boriti yake. Mwashi anajiandaa kuanza kazi, au anaiacha. Kijana wa plau yuko njiani asubuhi, au kwenye mapumziko ya adhuhuri, au jua linazama. Mshona viatu amekaa kwenye benchi lake, mtengeneza kofia amesimama. Hatuoni kiatu wala kofia. Hatuoni nyumba iliyokwisha. Katika shairi zima linalosifu kazi, karibu hakuna kitu kilichomalizika. Mshairi ameziruka nyundo zile tatu akaenda moja kwa moja kwenye ile ya nne.

Sidhani hilo limetokea kwa bahati. Whitman alizaliwa mwaka 1819, baba yake akiwa seremala mjenzi wa nyumba. Shule aliiacha akiwa na miaka kama 11, akaingia kazini mapema, akajifunza uchapaji, na baadaye naye akajenga nyumba na kuziuza Brooklyn. Kitabu chake cha kwanza cha 1855 alishiriki mwenyewe kupanga herufi zake za risasi, moja moja, kwa vidole. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba kazi ya mikono ina nafasi ndogo ndogo katikati, na kwamba mtu huishi ndani ya nafasi hizo. Linalonishangaza ni kwamba seremala yumo kwenye shairi, mchapaji hayumo. Kazi ya baba aliiweka, yake mwenyewe akaiacha nje.

Kuna jambo la pili, la kiungo gani cha mwili kinasimama badala ya mtu. Kutoka Kamukunji mpaka Kenyatta Avenue ni mwendo wa miguu tu, na pale katikati ya barabara kuna mnara wa Askari uliosimamishwa mwaka 1928, wenye watu watatu wa shaba. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wanatajwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa, na aliyeiandika alikusudia sifa. Lakini itazame kama msomaji wa mashairi. Mpagazi amegeuzwa viungo. Miguu na mikono ya nani? Ya jeshi. Kichwa kiko kwingine, na mdomo uko kwingine. Chini yake msomaji anaahidiwa kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Na juu ya jiwe lote hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Walichobakishiwa mjini ni mtaa: Kariokor, jina lililotokana na kikosi chao, ambako leo mafundi wa ngozi wanashona viatu vya wazi na akina mama wanasuka vikapu.

Whitman angeweza kuandika mikono. Shairi la kazi, kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni mikono, na tumeyasoma mengi ya mikono yenye sugu. Yeye akachagua mdomo. Toleo la 1860 lilianza kwa kuziita nyimbo hizo nyimbo za midomo ya Marekani. Mwaka 1867 akaubadilisha mstari ule wa mwanzo ukawa huu tunaoujua, "nasikia". Mdomo ukatoka mlangoni, lakini katika shairi tunalolijua leo uko mwishoni, wazi. Mkono unaweza kukodishwa kwa siku. Kwenye mjengo asubuhi mnyapara anahesabu mikono: ninahitaji kumi, wengine rudini kesho. Mdomo hauhesabiwi hivyo. Mshairi anayempa mfanyakazi mdomo anakataa kumwona kama sehemu ya mwili wa mtu mwingine.

Sasa mtu wa Nairobi ataniambia: midomo tunayo, tena ya kutosha. Simama stejini yoyote saa kumi na moja jioni. Makanga, yule mwita abiria wa matatu, anaimba njia yake na nauli yake, "beba beba, Kayole mbao, wawili wa mwisho", mbao ikiwa shilingi ishirini, na kuna wale wenye vipaji hasa, wanaotia vina na kubadilisha mahadhi mvua ikinyesha na bei ikipanda. Gikomba muuza mitumba amesimama juu ya belo, "chagua, chagua, soo soo", yaani shilingi mia mia. Hizi si nyimbo za kazi?

Vijana wetu, tuliokuwa tukiandika nao orodha yetu ya Nairobi kwa mfano wa Whitman, waligawanyika hapa, na mjadala ulikuwa mkali kwa namna niliyoipenda. Mmoja aliyewahi kuwa makanga alisema kumwacha makanga nje ya shairi la Nairobi ni kuliandika shairi la mji mwingine. Nilimwelewa. Lakini tuliirudia orodha ya Whitman neno kwa neno tukagundua jambo: humo hakuna anayeuza. Hakuna mwenye duka, mchuuzi wala mnada, wala mtu mmoja anayenunua. Sauti ya makanga imetumwa kwa abiria. Gari likijaa, inanyamaza. Mdundo wa fundi wa sanduku haukutumwa kwa mtu. Kwa hiyo nikashikilia kwamba "beba beba" ni yale mapigo matatu, ndiyo kazi yenyewe, inalipiwa. Wimbo wa makanga kwa maana ya Whitman tuutafute kwingine: pale amening'inia mlangoni gari limejaa, hana wa kumwita, vidole vyake vinapiga bodi ya gari kufuatisha muziki wa ndani. Yule aliyewahi kuwa makanga alifikiri kidogo, akasema dereva mzuri huendesha kwa kufuata vidole hivyo. Makanga akaandikwa.

Nikifika hapa lazima niseme linaloniuma katika shairi hili, maana nalipenda na sitaki kulipenda kwa kufumba jicho. Mwaka huo huo wa 1860, sensa ya Marekani iliwahesabu watu karibu milioni 4 waliokuwa watumwa. Walilima, walijenga, walishona, walipika, waliendesha mashua. Walikuwa waashi na maseremala pia. Katika mistari 11 hawatajwi. Na mstari ule niliouita moyo wa shairi, kilicho chake na kisicho cha mwingine, kwao ulikuwa umevunjwa na sheria ya nchi: mikono haikuwa yao, mtoto hakuwa wao, wala siku haikuwa yao.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1845 kuhusu nyimbo za watumwa. Alishangaa kusikia watu wa Kaskazini wakizitaja kama ushahidi kwamba watumwa wanaridhika. Akasema mtumwa huimba zaidi pale anapokuwa na huzuni zaidi. Hebu liweke neno hilo kando ya jibu letu la vitabu vya mwongozo, wimbo ni ishara ya furaha, uone linavyoporomoka. Kusikia mtu akiimba kazini hakukuambii ana furaha. Kunakuambia kuna kitu ndani yake ambacho kazi haijakifikia. Kwa mtumwa huenda kilikuwa ndicho pekee. Ndiyo maana naona shairi la Whitman limekosea kwa kuwanyamazia watu ambao ishara yake iliwahusu kuliko wote. Baadaye sana, katika kitabu cha 1926, mshairi mweusi Langston Hughes alimjibu: hata mimi naimba Marekani, anasema ndugu mweusi anayepelekwa kula jikoni wageni wakija. Kesho, anasema, atakaa mezani. Hughes hakuitupa ishara ya wimbo. Aliidai iwe yake.

Na sisi tuna wa kwetu tusiowasikia. Takwimu za serikali huonyesha kwamba, ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye ajira nchini wako kwenye sekta isiyo rasmi. Yaani Kamukunji ndiyo Kenya, na ofisi ndiyo pembezoni. Lakini fungua hotuba za Siku ya Leba usikie anazungumziwa nani.

Wanawake wa Whitman wanahitaji neno. Wanaume kawataja kwa kazi zao, wanawake kwa ujamaa wao: mama, mke, msichana. Kuimba kwao anakuita kutamu, sifa ambayo seremala hakupewa. Nafikiri alikuwa na nia njema, na nafikiri pia hakuwa amewasikiliza vizuri kama alivyomsikiliza seremala. Yule msichana tu, anayeshona au kufua, ndiye anafanya kazi tunayoiona. Mama anafanya nini? Haambiwi mtu. Kwa mwanamke anayetoka mtaa wa Umoja saa tisa usiku kwenda soko la Marikiti kuchukua sukuma na nyanya, halafu anafika kibandani na kukata mboga nyembamba kama uzi huku anaongea na wateja wanne bila kutazama kisu, "mama" pekee hakutoshi. Kile kisu kina mdundo wake. Kinapokatiza kushika fungu jingine la majani, kinagonga ubao mtupu. Nendeni mkasikilize.

Kitu kingine ambacho wasomaji wa Kiswahili tutakiona haraka kuliko Wamarekani wenyewe ni upweke wa nyimbo hizi. Tumefundishwa nyimbo za kazi: wawe za wakulima, kimai za wavuvi, hodiya. Huko kuna kiongozi na waitikiaji. Wimbo unavuta kamba, unapiga kasia, unaondoa uchovu katikati ya wenzake. Mashua haiendi kama makasia hayapigwi pamoja. Kwa Whitman mchana kutwa hakuna anayeitikia. Seremala hamsikii mwashi, na mwashi hajui kama kuna mpasua kuni. Umoja wote uko kwenye sikio la yule anayesema "nasikia". Nilipoliona hili nilipata wasiwasi, nao haujaisha: taifa la shairi hili limeungana ndani ya sikio la mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeamua nani asikike.

Usiku ndio wanaimba pamoja, kazi ikiwa imekwisha. Nikisoma mstari huo katika mji huu nakumbuka Mei 1950, Nairobi ilipogoma baada ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Makhan Singh, kukamatwa. Hapo pia watu walifungua midomo pamoja wakiwa wameweka zana chini. Whitman hakuandika mgomo. Lakini aliacha nafasi kati ya mchana ulio wa mchana na usiku ulio wa watu, na msomaji wa Nairobi ana haki ya kuingia humo na historia yake.

Orodha yetu ya Nairobi tulijiwekea kuiandika kwa mpango ule ule wa Whitman: kila mtu akamatwe kwenye pengo lake. Fundi wa sanduku akaingia na pigo la reli tupu. Makanga na vidole vyake. Vijana wa mjengo wakati karai za zege zimekoma kupita kwa sababu mashine imezimika. Mvuta mkokoteni akiwa anarudi bila mzigo, amepanda juu ya mkokoteni wake kwenye mteremko. Mshona viatu wa kona akichonga uzi kwa meno.

Kisha msichana mmoja, mkimya tangu mwanzo, akauliza yeye atawekwa wapi. Anafanya kazi ya mtandaoni, usiku, anavaa spika za masikioni na kuandika maneno ya watu wanaozungumza nchi za mbali. Mikutano, mahojiano, wakati mwingine watu wanaolia. Analipwa kwa dakika za sauti, si kwa dakika zake, na mkataba unamkataza kumwambia mtu yeyote alichokisikia. Mdomo wake umefungwa kwa sahihi.

"Huyu Whitman anasema nasikia," akasema. "Mimi pia nasikia. Yeye ameweka jina lake."

Hatukuwa na jibu la haraka. Mmoja alipendekeza awekwe mwishoni, na vijana wa usiku, kwa kuwa anafanya kazi usiku. Akakataa kata kata: usiku wa shairi ni wa waliomaliza, na yeye ndiyo anaanza. Nikamwuliza pengo lake liko wapi. Akasema faili moja likiisha na kabla jingine halijafunguka kuna sekunde chache za kimya, na humo huwa analisema kwa sauti neno moja la mwisho alilolisikia, lolote lile, kwa lafudhi ya aliyelisema, peke yake chumbani. Hajui kwa nini. Halimo kwenye mkataba.

Tukakubaliana hilo liingie, neno lenyewe lisitajwe. Mahali alijichagulia mwenyewe: mara tu baada ya mshona viatu, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi wakiwa wamekaa.